Mali Bila Daftari: Kuzipanga Filamu, Kanda na Picha za Nyumbani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi wanapoitaja methali hiyo hufikiri fedha, ng'ombe na magunia ya nafaka. Ni wachache waikumbukao wanapolitazama sanduku la kanda za video lililo chini ya kitanda, au flashi tatu zilizofungwa katika kitambaa na kuwekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za askari jeshi na polisi, mali isiyopatikana tena dukani ndiyo hiyo. Sufuria ikipotea wakati wa uhamisho, hununuliwa nyingine. Sauti ya babu iliyorekodiwa siku alipompokea mkwewe haiuzwi popote.

Jamaa za askari wana shida yao ya pekee katika jambo hili. Raia aweza kukaa katika nyumba moja miaka ishirini. Askari aweza kuhamishwa kutoka Gulu kwenda Mbarara, kisha Jinja, na vyombo vyake vikapakiwa kwenye lori usiku mmoja. Tena, tangu mwaka 2007, majeshi ya Uganda yalipoanza kupelekwa Somalia katika kazi ya Umoja wa Afrika ya kulinda amani, akina baba na akina mama wengi wamewahi kukaa miezi mingi mbali na watoto wao, na simu ndiyo iliyobeba nyuso za nyumbani. Kwa sababu hiyo picha zimekuwa nyingi kuliko zamani, lakini picha zinazojulikana ni za nani, za wapi na za lini zimekuwa chache. Yafaa basi kila nyumba ijifunze kuipanga maktaba yake mapema, kabla mambo hayajaharibika.

NYONGEZA NA METADATA

Katika maktaba ya nyumbani mna vitu vya aina mbili. Kwanza kuna kazi yenyewe, nayo ni filamu, wimbo, kanda ya harusi au picha. Pili kuna nyongeza ziandamanazo na kazi hiyo: mahojiano na waigizaji, vipande vilivyokatwa visitiwe katika filamu, tangazo fupi la kuwavuta watazamaji, habari ya jinsi filamu ilivyotengenezwa, au sauti ya mtaalamu akieleza huku picha zikiendelea kupita. Desturi ya kutia sauti ya maelezo namna hiyo ilianza mwaka 1984, kampuni ya Criterion ya Marekani ilipotoa filamu ya zamani ya King Kong katika diski kubwa za leza, naye mwanahistoria wa filamu Ronald Haver akazungumza katika njia ya pili ya sauti. Diski za DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na kuenea duniani, nyongeza hizo zikawa jambo la kawaida.

Juu ya vitu hivyo viwili kuna cha tatu ambacho macho hayakioni upesi, nacho huitwa metadata, yaani taarifa zinazoeleza taarifa nyingine. Neno ni geni, bali jambo lenyewe askari alilijua kabla hajaiona kompyuta. Ghala la silaha lina bunduki, na lina daftari. Daftari hueleza namba ya bunduki, nani aliichukua, saa ngapi, na kama aliirudisha. Daftari likipotea, bunduki zote zaweza kuwa mahali pake, lakini hakuna awezaye kuapa kwamba ni zote. Ndivyo ilivyo picha ya watu saba waliosimama mbele ya nyumba ya nyasi. Picha ipo na nyuso zipo, lakini ikiwa hakuna aliyeandika majina, mjukuu atakayeirithi atakuwa amerithi wageni saba.

SOMO LA KAPTENI ALEX

Anayetaka mfano wa jinsi kazi, nyongeza na kumbukumbu zinavyoweza kuchanganyika hana haja ya kwenda mbali. Na aende Wakaliga, mtaa wa jiji la Kampala, ambako Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey alitengeneza filamu yake ya "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010. Filamu hiyo yasimulia habari za kapteni wa jeshi anayetumwa kulivunja genge la wahalifu, akauawa, na hata mwisho mtazamaji haambiwi ni nani aliyemuua.

Nakala inayotazamwa duniani leo ina sauti ya VJ Emmie. Wakazi wa Uganda wanamjua VJ ni mtu gani: ni yule ambaye katika vibanda vya video huzifasiri filamu za kigeni kwa Kiganda, akaeleza yanayotokea, akatia na utani wake ili watu wacheke. Kwa hesabu ya maktaba, sauti ya VJ ni nyongeza. Lakini nakala ya asili ya filamu hiyo, isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Nafasi katika kompyuta ilikuwa ndogo, na mtengenezaji alilazimika kuifuta kazi iliyokwisha ili apate pa kuweka kazi mpya. Iliyosalia ni ile ya DVD iliyokwisha kutiwa maneno ya VJ, na hakuna awezaye kuyatenga maneno hayo na sauti za waigizaji.

Katika habari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba nyongeza ikiunganishwa na kazi yenyewe katika nakala ya pekee, haitenganishwi tena. Kijana atiaye muziki juu ya kanda ya hotuba ya babu ili ipendeze, kisha akaifuta ile ya kwanza, amemnyamazisha babu kwa mkono wake. La pili ni kwamba nyongeza haifai kudharauliwa. Laiti isingekuwapo ile nakala ya VJ, filamu ya Kapteni Alex ingebaki hadithi tu, na mamilioni walioitazama wasingejua kwamba iliwahi kutengenezwa.

JINSI YA KUZIPANGA FILAMU

Kanuni ya kwanza ni kwamba kila filamu iwe na folda yake, na folda hiyo iandikwe jina la filamu pamoja na mwaka ilipotoka. Mwaka si pambo. Kuna King Kong ya mwaka 1933, ya mwaka 1976 na ya mwaka 2005, nazo ni filamu tatu mbalimbali. Programu za kutunza maktaba, kama vile Kodi, Plex na Jellyfin, husoma jina na mwaka, kisha hutafuta katika intaneti picha ya jalada, majina ya waigizaji na muhtasari wa hadithi. Zikikosa mwaka, mara nyingine hubandika jalada la filamu moja juu ya nyingine, na mtoto aliyetarajia sokwe wa rangi akakutana na sokwe wa rangi nyeusi na nyeupe.

Kanuni ya pili ni kwamba nyongeza zisilale kitanda kimoja na filamu. Ndani ya folda ya filamu hufunguliwa folda ndogo, na kila nyongeza huwekwa mahali pake. Plex na Jellyfin huzitambua folda hizo kwa majina ya Kiingereza yaliyokwisha kuwekwa, kama vile "trailers" kwa matangazo, "interviews" kwa mahojiano, "deleted scenes" kwa vipande vilivyokatwa, na "behind the scenes" kwa habari za utengenezaji. Majina hayo hayana budi kuandikwa vivyo hivyo bila kukosea herufi. Nyongeza zikiachwa ovyo, programu hudhani kila kipande cha dakika tatu ni filamu kamili, na orodha ya filamu arobaini ikageuka kuwa orodha ya vitu mia mbili ambamo hakuna aonaye alitakalo.

Filamu ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair na kutoka mwaka 2016, ni mfano mwema. Yaeleza maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyejifunza mchezo wa sataranji na kuwa mchezaji mashuhuri. Folda kuu iandikwe "Queen of Katwe (2016)". Mira Nair huyohuyo alitengeneza kabla yake filamu fupi ya kweli juu ya Robert Katende, mwalimu wa mchezo huo, iitwayo A Fork, a Spoon and a Knight. Je, hiyo iwekwe kama nyongeza ya Queen of Katwe, au iwe filamu ya pekee? Yote mawili yafaa, mradi mwenye nyumba achague njia moja na kuifuata kwa filamu zote za namna hiyo. Maktaba huharibika pale baba anapofuata njia moja na mtoto nyingine.

Filamu hiyohiyo yaonyesha kwa nini majina ya watu yaandikwe kwa uangalifu. Miongoni mwa nyimbo zake umo uitwao #1 Spice, ulioimbwa na Young Cardamom na mwenzake HAB. Young Cardamom ni Zohran Mamdani, mwana wa Mira Nair aliyezaliwa Kampala, ambaye mwezi wa Novemba 2025 alichaguliwa kuwa Meya wa jiji la New York. Aliyeuhifadhi wimbo huo kwa jina la kisanii peke yake hataupata akitafuta Mamdani, na aliyeandika Mamdani peke yake hataupata akitafuta Young Cardamom. Dawa ni kuyaandika majina yote mawili. Katika jamaa za Kiafrika jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwa na jina la ukoo, jina la ubatizo au la Kiislamu, jina la utani la kikosini, na jina alilopewa na wakwe. Shangazi mmoja katika picha tatu asije akaonekana kuwa watu watatu.

HARUSI NA SHEREHE ZA NYUMBANI

Mpango uwafaao waigizaji wa kigeni wawafaa zaidi watu wa nyumbani. Sherehe ya kutambulishwa kwa mkwe, ambayo Waganda huiita kwanjula, ina kanda kuu iliyohaririwa na fundi wa video, na ina vipande vingi vilivyobaki: wapishi wakipakua, wazee wakibishana kwa utani kabla ya kuingia, watoto wakicheza nyuma ya hema. Fundi huvikata kwa sababu havimpendezi anayelipa. Baada ya miaka kumi huenda vikawa ndivyo vinavyotafutwa, kwa kuwa humo ndimo alimoonekana bibi akicheka kabla hajajua kwamba anapigwa picha. Kwa hiyo, wakati wa kupatana bei na fundi, yafaa mwenye sherehe aombe apewe pia vipande vyote visivyohaririwa, na avidai kabla fundi hajaifuta kadi yake kwa ajili ya harusi ya wiki ijayo.

Majina ya mafaili ya nyumbani yaanze na tarehe, na tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano "2019-12-14 Kwanjula 01 Mapokezi" na "2019-12-14 Kwanjula 02 Hotuba ya Babu". Sababu yake ni nyepesi. Kompyuta, simu na televisheni huyapanga mafaili kwa mfuatano wa herufi na tarakimu. Mwaka ukitangulia, mambo hujipanga kama yalivyotokea. Siku ikitangulia, sherehe ya tarehe 14 Desemba 2019 hukaa jirani na msiba wa tarehe 14 Januari 2008, na historia ya jamaa ikavurugika.

TARIFA NDANI YA FAILI NA TARIFA NJE YAKE

Metadata hukaa mahali pawili. Nyingine hukaa ndani ya faili lenyewe. Nyimbo za MP3 zilianza kutiwa kibandiko kiitwacho ID3 mwaka 1996. Kibandiko hicho cha kwanza kilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na jina la wimbo lilipewa nafasi ya herufi 30, kwa hiyo majina marefu yalikatwa mkia. Vibandiko vya baadaye vina nafasi kubwa zaidi. Picha nazo hubeba kibandiko kiitwacho EXIF, kilichobuniwa Japani mwaka 1995, ambacho huandika tarehe, saa, aina ya kamera, na mara nyingi katika simu za siku hizi, mahali hasa picha ilipopigwa.

Kibandiko hicho husema kweli kadiri saa ya simu isemavyo kweli. Simu ambayo betri yake ilikwisha kabisa ikawashwa bila kurekebishwa tarehe itaandika mwaka wa uongo juu ya picha za kweli. Aidha, picha iliyopita katika WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza sehemu kubwa ya kibandiko chake. Tarehe iliyo katika jina la picha hiyo katika simu nyingi, mathalani "IMG-20240512-WA0003", ni tarehe ilipopokelewa. Picha ya mwaka 1998 iliyotumwa na mjomba mwezi wa Mei 2024 itaonekana kana kwamba ilipigwa mwezi huo. Atakaye kuipata picha kamili amwombe mwenzake aitume kama hati, si kama picha. Hapo hufika pamoja na taarifa zake zote.

Metadata nyingine hukaa nje ya faili. Yaweza kuwa faili dogo la maandishi lililowekwa kando ya filamu, ambalo Kodi na Jellyfin hulisoma. Yaweza pia kuwa daftari la shule la kurasa 96. Nyumba isiyo na kompyuta isidhani kwamba imetengwa na mambo haya. Daftari lililopigwa mistari mitano latosha: namba ya kanda au flashi, tarehe, mahali, waliomo, na aliyepiga. Namba ileile ibandikwe kwenye kanda. Picha ya karatasi iandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini na mkono mwepesi, maana kalamu ya wino hukandamiza karatasi na wino wake waweza kupenya upande wa nyuso. Diski isibandikwe karatasi ya gundi, kwa kuwa huyumba inapozunguka. Iandikwe kwa kalamu ya wino wa maji karibu na tundu la katikati.

Sehemu iliyo ngumu ni ya majina, kwa kuwa majina hayamo ndani ya kompyuta yoyote. Yamo katika vichwa vya wazee, na wazee hawangoji. Jumapili moja mtoto ajuaye kuandika aketi na bibi yake, mkononi akiwa na picha kumi tu, si mia, asije akamchosha. Amwulize kila moja: "Bibi, huyu ni nani, na hapa ni wapi?" Aandike majina kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa mbele kisha wa nyuma. Pasipojulikana aache alama ya kuuliza, asibuni. Simu iwekwe karibu ikirekodi, kwa maana bibi akieleza picha moja hutoa habari za watu watano wasiomo, na maelezo yake hayo ni nyongeza inayozidi picha yenyewe kwa thamani. Ndiyo kazi ileile aliyoifanya Ronald Haver juu ya King Kong, isipokuwa huyu ni bibi, na filamu ni ya nyumbani kwao.

HATARI KWA ASKARI

Jambo hili lina upande mwingine ambao jamaa za askari hawana ruhusa ya kuusahau. Taarifa iliyo hazina ndani ya nyumba yaweza kuwa silaha mkononi mwa adui. Jeshi la Marekani lilieleza mwaka 2012 jinsi askari wake walivyopiga picha za helikopta mpya zilizofika kambini kwao nchini Irak mwaka 2007, wakazipeleka kwenye intaneti. Picha zilikuwa na mahali pake ndani ya kibandiko. Adui wakapajua hasa palipoegeshwa helikopta hizo, wakapiga kwa mota, na helikopta 4 za aina ya Apache zikaharibiwa. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Walionyesha tu jambo lililowafurahisha.

Mwezi wa Desemba mwaka huohuo wa 2012, tajiri wa programu za kompyuta John McAfee alikuwa akijificha, huku polisi wa Belize wakitaka kumhoji. Waandishi wa jarida la Vice waliokuwa naye walitoa picha yake iliyopigwa kwa simu, na kibandiko cha picha hiyo kikaonyesha kwamba yuko Guatemala. Siku chache tu baadaye alikuwa mikononi mwa polisi wa nchi hiyo. Kwa polisi msomaji wa habari hii, somo lina pande mbili: kibandiko humfichua mhalifu, na humfichua vilevile askari mpelelezi na nyumba anamolala mkewe na watoto wake.

Kanuni ifaayo ni kuwa na nakala mbili za picha. Nakala ya nyumbani ihifadhiwe pamoja na taarifa zake zote, na isitoke. Nakala ya kutumwa kwa marafiki ivuliwe kibandiko kwanza. Simu nyingi zina nafasi ya kuondoa mahali wakati wa kutuma picha, na kamera ya simu yaweza kukatazwa isiandike mahali tangu mwanzo. Askari aliye kazini aizime kabisa nafasi hiyo, na afuate amri za kikosi chake kuhusu kupiga picha. Mke wa askari naye asiandike jina la kikosi, kambi au tarehe ya mumewe kurudi katika jina la faili atakalolituma kwa watu. Jina "Baba akiwa safarini" latosha kwa sasa. Daftari la nyumbani litamaliza yaliyobaki wakati wake ukifika.

KUTUNZA KISICHORUDI

Kupanga bila kutunza ni kufagia nyumba iliyo wazi mbele ya kimbunga. Mfumo wa kanda za VHS ulianza Japani mwaka 1976, na mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai iliacha kutengeneza deki zake. Tangu hapo deki zinazofanya kazi zinapungua kila mwaka, nazo kanda zenyewe huliwa na ukungu na joto. Mwenye kanda ya harusi ya wazazi wake asingoje. Aihamishe kwenye kompyuta maadamu mafundi wenye deki nzima wangalipo, naye aketi dukani ikihamishwa au airudie siku hiyohiyo, asije akaiacha nakala ya pekee mezani kwa mtu mwingine kwa miezi. Kabla ya kuipeleka avunje kile kijipande cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, ili asitokee mtu akarekodi mpira wa miguu juu ya harusi. Wakati wa kungoja, kanda zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua, jiko na spika.

Wataalamu wa picha wana kanuni ya tatu, mbili, moja, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa askari kanuni hiyo ni nyepesi kuliko inavyosikika. Nakala ya kwanza ikae kwenye kompyuta au simu, ya pili kwenye diski ya nje isiyochomekwa siku zote, maana umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu huua vilivyochomekwa, na ya tatu ipelekwe kijijini kwa kaka au dada anayeaminika. Nyumba ya kambini ikiungua au lori la uhamisho likipinduka, iliyoko kijijini itasalia. Flashi isitegemewe peke yake, kwa kuwa ikikaa miaka bila kuwashwa yaweza kupoteza ilichopewa. Ichomekwe walau mara moja kwa mwaka, ifunguliwe, na yaliyomo yaangaliwe.

Kazi hii ikitazamwa yote kwa pamoja hutisha, lakini ikigawanywa ni saa moja kwa wiki. Wiki ya kwanza vitu vyote vikusanywe mahali pamoja na kupewa namba. Wiki ya pili daftari lifunguliwe. Wiki ya tatu mafaili yapewe tarehe na majina. Wiki ya nne nakala ya pili itengenezwe. Baada ya hapo kila mgeni mzee afikaye nyumbani aonyeshwe picha kumi kabla ya chai kuisha. Daftari lenyewe likabidhiwe kwa mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri, na siku ya uhamisho lisipakiwe kwenye lori pamoja na vyombo. Mama alibebe mkobani pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.